Tumuulize Samaki Kabla ya Kuuliza Bei

Hotuba iliyotolewa kwa wavuvi, wachuuzi, wakaushaji wa samaki na wanafunzi katika mwalo wa Butiaba, Ziwa Albert. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya ndugu zetu waliokuwa majini siku hiyo.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mwalo, bwana samaki wa wilaya, wazee wetu, akina mama wa vichanja, wenye boti pamoja na mabaria wenu, walimu na wanafunzi mlioteremka mlimani tangu asubuhi: shikamooni wakubwa wangu, na nyinyi wengine hamjambo.

Nimefurahi kualikwa kusema kwa Kiswahili, kwa maana katika ziwa hili Mwaluri, Mgungu, Mnyoro na ndugu kutoka upande wa Kongo wakikutana usiku na nyavu zao zikasukana, ni Kiswahili kinachoamua nani amemkatia mwenzake kamba. Kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kazi, na mahali nitakapoteleza mtanisahihisha kama mlivyozoea kufanya.

Nawaulizeni: boti ikigusa mchanga alfajiri, neno la kwanza kutamkwa ni lipi? Ni kilo ngapi. Na la pili? Kilo ni shilingi ngapi. Silaumu. Karo ya shule haisubiri, na muuza petroli hajui huruma ya ziwa. Lakini kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kumuuliza samaki maswali mengine kabla hajapanda kwenye mizani: una urefu gani, una umri gani, umekula nini, umekwisha kuzaa? Na neno nililokuja nalo leo ni moja tu, nitalizungusha hapa na pale mpaka mlichoke. Katika maziwa yetu, kila mara bei ilipoulizwa kabla ya samaki mwenyewe kuulizwa, tulikuja kulipa baadaye, na waliolipa zaidi ni watu wa mwaloni.

Mtu asiwadanganye kwamba maziwa ya Uganda yameharibika kwa kukosa wataalamu. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilizunguka Ziwa Victoria akipima samaki na nyavu. Mwaka huohuo wa 1928, kijana mwingine, Edgar Worthington, alikuja huku kwetu na kule Ziwa Kyoga akafanya vivyo hivyo. Mwaka 1947 kukaanzishwa taasisi ya utafiti wa samaki wa maji baridi ya Afrika Mashariki pale Jinja, na Jinja hiyohiyo leo ndiko yaliko makao ya taasisi yetu ya taifa, NaFIRRI, na ya shirika la uvuvi la Ziwa Victoria linalounganisha Uganda, Kenya na Tanzania. Ni karibu miaka mia ya kuhesabu. Hatukukosa majibu. Tulikosa subira ya kuyasubiri, na mara nyingine tulikuwa nayo mkononi tukayaweka kabatini.

Nianze na mbuta, ambaye wengine humwita sangara, kwa kuwa mbuta ni wenu.

Ni nani hapa asiyejua kwamba mbuta wa Ziwa Victoria ana ukoo wake katika ziwa hili? Mbuta amekaa Albert tangu enzi na enzi, lakini hakuweza kufika juu, kwa sababu Maporomoko ya Murchison yalimzuia: maji yanashuka, samaki hapandi. Kwa hiyo Kyoga na Victoria zilikuwa na watu wake wengine, ngege, ningu, semutundu, kamongo, na wale wadogo wa rangi nyingi ambao Waganda huwaita nkejje. Nkejje walikuwa spishi zipatazo mia tano, nyingi hazipatikani popote duniani isipokuwa mle ndani, na jambo la kushangaza wanasayansi wa dunia nzima ni kwamba Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Spishi hizo zote, wa kula mwani, wa kuvunja konokono, wa kumeza mayai ya wenzao, zilitokea katika muda huo mfupi.

Sasa, maofisa wa miaka ya 1950 walimtazama nkejje wakaona nini? Waliona samaki mdogo, mwenye miiba, asiye na bei. Wakawaza: tukileta samaki mkubwa amle huyu asiye na bei, tutapata nyama yenye bei. Graham alikuwa ameonya tangu ripoti yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mla samaki kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa kama hakutanguliwi na utafiti wa kina. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti wa Jinja, aliandika kupinga mpango huo kwa hoja ambayo mfugaji yeyote anaielewa: mla nyama hula kilo nyingi ili ajiongezee kilo moja, na ukiweka mlaji mmoja zaidi juu ya ngazi, chakula kinachomfikia binadamu kinapungua. Alikuwa anaandika huku mbuta wa Albert wakiwa tayari wameingizwa Kyoga, na Victoria nako wakaanza kuonekana. Barua zilikuwa zikijibizana, samaki walikuwa wamekwisha kuogelea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka ishirini ikapita kama kwamba hapakutokea kitu. Kati ya 1969 na 1971 meli ya utafiti ilikokota wavu wake katika ziwa lote, na Mganda mwenzetu Kudhongania pamoja na Cordone wakaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa ulikuwa bado ni nkejje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hesabu ikageuka kwa kasi ambayo hata waliokuwa wakihesabu hawakuiamini. Mbuta akajaa, nkejje wakatoweka, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo mia mbili zilipotea kwa pamoja.

Hapa nataka vijana wanisikilize vizuri, maana hapa ndipo utafiti unapoonekana ulivyo kazi ya mikono. Unalijuaje alilokula samaki? Unamlaza mbuta ubavu, unaingiza ncha ya kisu karibu na mkundu, unapasua kuelekea kichwani bila kuchoma matumbo. Tumbo la chakula liko pale mbele, gumu, lenye kuta nene. Ulikate juu ya sahani nyeupe. Kama kavuliwa sasa hivi utakuta mkia, uti wa mgongo, jicho, na kwa jicho hilo na mifupa ya taya mtu mzoefu anakuambia huyu aliyeliwa ni nani. Unaandika. Halafu unamchukua wa pili. Richard Ogutu-Ohwayo na wenzake walifanya kazi ya namna hii Victoria na Kyoga, na matumbo yakatoa simulizi ambayo mizani ya kiwanda isingeweza kuitoa: mwanzo nkejje tele, kisha nkejje wakipungua, kisha uduvi na mukene, yaani dagaa, na pamoja nao, watoto wa mbuta wenyewe. Mbuta alikuwa amemaliza chakula chake akageukia uzao wake.

Nisiposema upande wa pili nitakuwa nimewadanganya. Mbuta alijenga viwanda vya minofu, alileta fedha za kigeni, alisomesha watoto. Kuna waliojenga nyumba za bati kwa mbuta ambao baba zao walivua nkejje wakalala njaa. Mimi si adui wa mbuta. Ninachosema ni kwamba swali la sokoni liliulizwa, "Atauzwaje?", na swali la samaki, "Atakula nini wale wakiisha?", likaachwa lijibiwe na ziwa lenyewe.

Jambo la pili linahusu kimo, na najua hapa wengine mtaanza kukohoa.

Kanuni ya Uganda inasema mbuta asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, yaani inchi 20. Mmesikia kanuni hiyo kwa vipaza sauti, mmeisikia kwa askari, na wengine wenu mmeisikia nyavu zikiwaka moto. Lakini ni wangapi mmewahi kuonyeshwa kwa nini? Mbuta dume huanza kukomaa akiwa karibu na sentimita 50 na kitu. Jike hukawia zaidi, anahitaji kukua sana ndipo apate mayai. Kwa hiyo ukivua wengi wa sentimita 30, hujavua samaki wadogo tu, umevua samaki ambao hakuna hata mmoja aliyekwisha kuacha mtoto majini. Na yule jike mkubwa, yule ambaye watu wawili humbeba kwa mti, hubeba mayai kwa mamilioni. Ndiyo maana kule Victoria watafiti walipendekeza mipaka miwili, sentimita 50 chini na 85 juu, ili wadogo wafike kuzaa na mama wakubwa waachwe waendelee kuzaa.

Kisha bei ikaingia. Bondo. Lile puto la hewa ndani ya tumbo la mbuta, ambalo zamani lilitupwa au kupewa mbwa, sasa husafirishwa kwenda Hong Kong na China, na bondo la samaki mkubwa lina thamani kwa gramu kupita la mdogo. Mnaona mtego huo? Samaki ambaye sayansi inasema mwacheni huyu kwanza ndiye soko linasema nileteeni huyu kwanza. Sina dawa rahisi ya kuwapa hapa. Nataka tu ijulikane kwamba anayeshindana na mtafiti si mvuvi. Ni mnunuzi aliye mbali ambaye hajawahi kuliona ziwa hili.

Niwape kisa cha ningu, kwa kuwa wazee wa upande wa Busoga na Samia wangekisimulia vizuri kuliko mimi. Ningu alikuwa samaki wa heshima, wa kukaushwa na kupelekewa wakwe. Mvua zikinyesha, mito ikijaa, ningu walitoka ziwani makundi kwa makundi wakapanda mitoni kutaga. Watu wa mtoni waliwangoja kwa mitego ya fito, na mitego hiyo ilikuwa na matundu ya kutosha samaki wakaendelea kuwapo kizazi baada ya kizazi. Zilipokuja nyavu za kutega za kisasa, zikafungwa kwenye midomo ya mito msimu uleule wa kupanda, zikawakamata ningu wakiwa wamejaa mayai. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi huo ulikuwa umeanguka, na mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr aliuandikia kama mtu anayeandika habari za marehemu. Hakuna aliyekusudia kumaliza ningu. Nyavu ziliwekwa pale ambapo samaki walipita wengi, na walipita wengi pale kwa sababu walikuwa wanakwenda kuzaa. Watu wa Wanseko, penye Mto Nile unaoingia ziwani, nadhani mnanielewa bila mimi kuongeza neno.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo Victoria hawana desturi ya kulifikiria. Worthington alipopima mbuta wa Albert, aligundua kwamba wako wa aina mbili. Mmoja ni huyu mkubwa tunayemjua sote. Wa pili hukaa katika maji ya kina, mbali na ufuko, hakui akawa mkubwa kama mwenzake, na macho yake ni makubwa kuliko kawaida. Wanasayansi wakampa jina la Lates macrophthalmus, na hapatikani kiasili popote isipokuwa Albert. Kwa hiyo mvuvi akileta mbuta mfupi kutoka kina kirefu, je, ni mtoto wa yule mkubwa au ni mtu mzima wa ukoo wa pili? Ubao wa kupimia peke yake haujibu. Lazima umtazame jicho, lazima umpasue uone kama ana kifuko cha mayai kilichokomaa. Mzee mmoja aliniambia hapa mwaloni kwamba wao wamekuwa wakiwatofautisha tangu ujana wao kwa macho na kwa mahali walipowatoa. Nilimuuliza kama kuna mtafiti aliyewahi kuliandika hilo kutoka kinywani mwake. Alicheka.

Kuhusu umri nitasema kwa ufupi. Ndani ya kichwa cha samaki, nyuma ya ubongo, kuna vijiwe viwili vyeupe vinavyomsaidia kusikia na kujiweka sawa majini. Ukikata fuvu kwa juu unavitoa kwa koleo ndogo. Jiwe hilo hukua pamoja na samaki, tabaka juu ya tabaka. Ulaya, ambako baridi husimamisha ukuaji, tabaka za miaka huonekana wazi. Kwetu hakuna baridi kali, hivyo tabaka hazisomeki kirahisi, na kwa samaki wachanga mtafiti huhesabu zile za siku kwa hadubini. Ni kazi ya macho kuuma. Lakini bila kujua umri huwezi kusema samaki anakua upesi kiasi gani, na bila kujua hilo huwezi kusema ni wangapi wanaweza kuvuliwa.

Sasa tuyatazame maji yenyewe.

Mwishoni mwa Desemba 2020 na mwanzoni mwa Januari 2021, mbuta walionekana wakielea wamekufa kwenye fuko za Victoria na Kyoga, wakubwa kwa wadogo. Mnakumbuka? Wengi walishuku sumu, na watu waliogopa kula. Wizara ya kilimo ilipotoa majibu, chanzo kilitajwa kuwa upungufu wa oksijeni. Hilo linatokeaje katika ziwa pana kama bahari? Miezi mingi ya mwaka, maji ya juu yaliyopata jua huwa ya moto na mepesi, na ya chini huwa ya baridi na mazito, yasichanganyike. Mwani unaokufa juu huzama, huoza chini, na kuoza kunakula oksijeni. Chini panakuwa hapakaliki. Dhoruba ikija ikayapindua maji hayo, yale yaliyokosa oksijeni hupanda juu, na samaki anayehitaji oksijeni nyingi ndiye anayekufa kwanza. Huyo ni mbuta. Kamongo yeye hupanda juu akavuta hewa yetu, na kambare naye ana namna yake ya kuvuta hewa.

Na mwani mwingi hivyo unatoka wapi? Unatoka kwenye mashamba yanayolimwa mpaka ukingoni, kwenye maji machafu ya miji, kwenye udongo unaoshuka na mvua ukiwa umebeba rutuba. Maji ya Victoria yamekuwa mazito kwa kijani kuliko yalivyokuwa siku za Graham. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha jambo ambalo vijana wetu wataliona la kuchekesha: nkejje jike huchagua mchumba kwa rangi, na maji yakichafuka hawezi tena kutofautisha mwekundu na wa samawati, basi spishi mbili zinaanza kuoana na kuwa moja. Kwa hiyo hata nkejje ambaye mbuta hakumla, uchafu wetu ulimfikia.

Lakini kinamasi kimetuwekea akiba. Kule Nabugabo, karibu na Masaka, ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita, mbuta waliingizwa pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lauren Chapman na watafiti wenzake, Waganda kwa wageni, wakaingia kwenye mafunjo na mitumbwi midogo, wakapima oksijeni na kutega samaki hatua kwa hatua kutoka maji ya wazi mpaka ndani ya matete. Waligundua kwamba wenyeji kadhaa waliokuwa wametoweka katika maji ya wazi walikuwa hai kwenye kingo za kinamasi, mahali ambapo oksijeni ni haba, wao wamezoea, na mbuta hawezi kuwafuata. Baadaye mbuta walipovuliwa sana, baadhi ya nkejje walirudi tena kwenye maji ya wazi. Walirudi kutoka wapi? Kutoka kwenye yale mafunjo ambayo sisi huyaita pori, tukayachoma kila kiangazi ili tupate mahali pa kulima viazi na kuegesha mitumbwi.

Nimewazungusha Victoria, Kyoga na Nabugabo. Turudi nyumbani, kwa samaki wetu wadogo, muziri na ragoge.

Zamani mwalo huu uliishi kwa angara, ngasia, mbuta na ngege. Leo, mwenye macho aangalie ufukoni: nyavu zimetandazwa kwenye mchanga, na juu yake samaki wadogo kuliko kidole wanang'aa kama misumari mipya. Uchunguzi wa NaFIRRI wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba muziri na ragoge ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaotolewa Albert. Muziri naye, mjue, kiasili ni wa ziwa hili tu. Anakwenda Arua, anakwenda Kongo, anakwenda Sudan Kusini, na sehemu kubwa inasagwa ikawa chakula cha kuku.

Watu wakubwa hawamheshimu samaki huyu, na mimi nasema wanakosea kosa lilelile la miaka ya 1950. Mtoto akila kipande cha mnofu wa mbuta amepata nyama. Akila muziri amekula kichwa, mifupa, macho na ini, na humo ndimo mlimo chokaa ya mifupa, madini ya chuma na vitamini A. Kwa mama wa Buliisa asiye na fedha ya nyama, kikombe cha muziri kwenye mchuzi wa karanga ndicho kinachomkomaza mtoto. Samaki hawa wadogo pia huzaliana upesi, kwa hiyo wanastahimili kuvuliwa kuliko mbuta. Kustahimili, hata hivyo, kuna mpaka. Taa za jua mnazoelea nazo usiku wa giza haziwaiti muziri peke yao. Zinawaita na watoto wa samaki wengine, na wavu wa matundu madogo hauchagui. Swali la kupimwa ni hili: katika beseni moja la muziri, watoto wa mbuta na angara ni wangapi, na ni mwezi gani wanazidi? Kule Victoria wamebishana vikali juu ya uvuvi wa mukene wa hariapu, yaani wa kukokota wavu upesiupesi, mvuvi akisema hivi na mlinzi wa ziwa akisema vile, na mabishano ya namna hiyo hayaishi kwa kupaza sauti. Yanaisha kwa kumwaga beseni juu ya turubai na kuhesabu.

Akina mama wa vichanja, nanyi mna neno lenu hapa. Muziri akianikwa mchangani mvua ikamkuta, anaoza, na mchuuzi anamnunua kwa bei ya chakula cha kuku. Akianikwa juu ya kichanja anakauka upesi, hana mchanga, anauzwa kwa bei ya chakula cha watu. Ni samaki yuleyule, wavu uleule, usiku uleule. Sijui kama kuna njia ya haraka zaidi ya kuongeza kipato bila kutoa samaki mmoja zaidi majini.

Nimalizie na habari ya hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonileta. Tangu jeshi lilipopewa ulinzi wa maziwa mwaka 2017, nyavu nyingi haramu zimeondoka, hilo hatulikatai. Lakini kuna jambo ambalo mtafiti huliona na mkuu wa doria halioni: samaki anayeogopwa kuonyeshwa huteremshwa usiku, na samaki aliyeteremshwa usiku haandikwi popote. Daftari linasema samaki wachanga hawavuliwi tena, kumbe wanavuliwa na kufichwa. Mtaalamu aliye Jinja analisoma daftari hilo, anapiga hesabu zake kwa uaminifu kabisa, anafika kwenye jibu la uongo. Ndiyo maana nimemwomba bwana samaki, mbele yenu, na amekubali mbele yenu, kwamba daftari la vipimo lisitumike kumkamata mtu.

Na kuna sababu nyingine. Mafuta yaligunduliwa katika bonde hili mwaka 2006. Visima vya Tilenga viko kaskazini yetu, Kingfisher iko kusini, na bomba la kwenda Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Siku moja mtu atasema samaki wamepungua kwa ajili ya kazi za mafuta, na mwingine atasema hawakupungua. Mbele ya hakimu au mbele ya waziri, mtaonyesha nini? Kumbukumbu ya mzee ni ya kweli, lakini wakili ataiuliza tarehe. Daftari lenye tarehe, aina ya samaki, urefu na mahali alipotolewa, lililoandikwa na watu wa mwalo wenyewe kwa miaka mfululizo, haliulizwi mara mbili.

Kwa hiyo nimemwachia mwenyekiti ubao wa kupimia na madaftari. Mwalimu wa sayansi ameahidi wanafunzi wawili kila Jumamosi. Watapima mbuta wote wa boti tatu, watatazama jicho, watamwomba mwenye samaki ruhusa ya kuona tumbo wakati wa kupasua, na watamwaga beseni moja la muziri na kuhesabu waliomo. Safu ya mwisho ya daftari ni ya mvuvi mwenyewe kusema alivua wapi, na asiyetaka kutaja mahali ataandikwa "hakusema", bila kusumbuliwa. Tunaanza Jumamosi hii alfajiri. Mwenye boti anayetaka yake iwe miongoni mwa tatu za kwanza aandikishe jina kwa katibu kabla hajaondoka hapa. Ameketi pale chini ya mwembe, mwenye kofia ya bluu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.